Jina Nililoliandika kwenye Fomu ya Mtamba

Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, nilikuwa nimeketi juu ya debe la maziwa lililopinduliwa, nje ya kibanda cha kukusanyia maziwa karibu na Wamagana, nikijaza fomu. Mvua za masika zilikuwa bado hazijaanza, lakini upepo uliotoka upande wa Nyandarua ulikuwa na baridi ya kutosha kunikakamaza vidole, na nilikuwa nimeweka jiwe juu ya karatasi zangu zisipeperuke. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuoni miezi mitano tu iliyopita, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa maendeleo ya jamii, na bado nilikuwa katika muda wa majaribio. Nilijivunia mwandiko wangu.

Fomu ile ilikuwa ya mtamba mmoja. Shamba moja kubwa huko Mweiga, ambalo zamani lilikuwa la mzungu na sasa lilikuwa mikononi mwa Waafrika, lilikuwa limekubali kutoa ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, kwa vikundi vya wanawake. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kikundi kingempokea mtamba mwenye mimba, mwanachama mmoja angemtunza na kunywa na kuuza maziwa yake, kisha ndama jike wa kwanza angepewa mwanachama wa pili, na wa huyo angepewa wa tatu, hadi kila mama awe na ng'ombe wake. Wanawake wa kikundi chetu walikuwa wameshirikiana kwa miaka kadhaa kulimiana mashamba kwa zamu. Ng'ombe wa gredi walimjua kwa kumtazama juu ya ua wa mtu mwingine.

Walikuwa wamemchagua mjane mmoja awe wa kwanza. Hawakumchagua kwa kumhurumia. Walimchagua kwa sababu kingo zote za matuta ya shamba lake zilikuwa zimejaa nyasi za nepia, na kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyekiti wao, "huyu hata mbuzi wake hunenepa wakati wa kiangazi, hatujui huwa anawaambia nini." Mwenyekiti alikuwa mama mzee, mkunga wa kijiji, ambaye alikuwa amewapokea duniani nusu ya watu waliokuwa wakipita barabara ile. Mjane alikuwa mwanamke mkimya, mrefu, mwenye alama ya ukanda kwenye paji la uso, ule mfinyo ambao mama zetu waliupata kwa kubeba kuni na maji mgongoni, ukanda ukiwa umepitishwa kichwani. Alikuwa na watoto wanne.

Juu kabisa ya fomu palikuwa na mstari ulioandikwa: Jina la mwenye boma, atakayemiliki mnyama. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Andika kikundi," mwenyekiti alisema.

"Kikundi si mtu, mama. Fomu inataka mtu."

"Basi mwandike yeye."

Nilimgeukia mjane nikamuuliza shamba analoishi lina jina la nani kwenye hati. Alijibu bila kusita, kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda sokoni. Wakoloni walipoyakusanya na kuyapima mashamba, mumewe alikuwa kizuizini mwao. Kipande chao kiliandikishwa pamoja na cha kaka mkubwa, kwa jina la kaka mkubwa. Mumewe alirudi, wakaishi, akafa. Hakuna aliyeona haja ya kubadilisha karatasi.

"Kwa hiyo ni la shemeji yako."

"Kwa karatasi, ndiyo. Mpaka wetu unajulikana."

Nieleze kwa haki kilichokuwa kichwani mwangu. Wiki mbili kabla ya siku ile, fomu za kijiji kingine zilikuwa zimerudishwa kutoka ofisini Nyeri kwa sababu majina yake hayakulingana na hati za ardhi, na mwenzangu aliyezijaza alikuwa ameonywa mbele yetu sote. Sikutaka fomu yangu irudi. Nilitaka mtamba aje. Niliandika jina la shemeji kwenye mstari wa juu, kwa herufi kubwa, nzuri, zilizonyooka. Kisha nikalichukua gumba la mjane, nikalibonyeza kwenye kidau cha wino, nikaliweka mahali pa shahidi.

"Kumeisha?" aliniuliza.

"Kumeisha."

Mwenyekiti alikuwa amenitazama muda wote huo huku akisokota uzi wa kiondo kwenye paja lake. "Sawa, Mwalimu," alisema. Waliniita Mwalimu ingawa sikuwa mwalimu; walinijua tangu utotoni, kwa kuwa kwetu hakukuwa mbali. "Wewe andika unavyoandika. Sisi tutamhithia."

Nilitabasamu. Kuhithia lilikuwa neno la bibi yangu. Zamani, mtu mwenye mifugo hakuiweka yote mahali pamoja. Aliipeleka mingine kwenye boma la rafiki, mara nyingi ng'ambo ya mto, itunzwe huko. Mtunzaji alikunywa maziwa, na baada ya muda alipewa kizazi kimoja kama shukrani, lakini mnyama alibaki wa mwenyewe, na hakuna mtu wa boma lile aliyeweza kumgusa, si kwa karamu, si kwa mahari. Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari za vyama vya ushirika na katiba za vikundi. Niliona kwamba mama huyu alikuwa akivika jambo jipya nguo kuukuu, na nikamsamehe moyoni, jinsi kijana anavyomsamehe mzee.

Mtamba alifika siku ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Aliletwa kwa miguu kutoka Mweiga na mchungaji wa shamba, na wanawake walimwendea njiani kila mmoja akiwa na tita dogo la nyasi, kwa sababu walisema mgeni haingii nyumbani na njaa. Mvua ilianza tukiwa bado barabarani. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, mnyenyekevu, tumbo limeshaanza kushuka. Walipofika kwa mjane, mwenyekiti alisimama kwenye mlango wa zizi jipya, akamshika mtamba pembe, akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwapo: "Ng'ombe huyu ni wetu sisi wanawake wa mteremko huu. Tumemhithia katika boma hili. Boma limekubali?"

"Limekubali," mjane alijibu.

Shemeji alikuwapo. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa la jikoni akijikinga mvua, kofia mkononi. Hakusema kitu.

Kwa wiki tatu sikuwa na sababu ya kwenda huko. Nilipokwenda, nilimkuta mjane akishuka mteremko na mzigo wa nepia ulioonekana kama kichaka kinachotembea. Alinionyesha jinsi alivyopanga mawe kwenye sakafu ya zizi ili kwato zisioze kwa matope. Aliniambia binti yake mkubwa, ambaye alikuwa ameacha shule asaidie nyumbani, angerudi muhula wa pili, kwa kuwa sasa maziwa yangekuwapo. Alilisema hili akiwa amenipa mgongo, akikatakata nyasi kwa panga, na nilielewa kwamba lilikuwa zito mno kulisema tukitazamana.

Siku ya Jumatatu iliyofuata, mwenyekiti alikuja mpaka kwenye kibanda cha maziwa kunitafuta. Alikuwa amelowa.

"Mwalimu, shemeji amekuja na kamba."

Mambo yalikuwa hivi. Mwana wa shemeji alikuwa anaoa upande wa Kagio, na wakwe walikuwa watu wenye uwezo. Mbuzi wa mahari walikuwa wamepelekwa, lakini shemeji alitaka kupeleka kitu ambacho wakwe wale wangekizungumzia. Alikuwa amekwenda Nyeri, akaomba nakala ya fomu, akapewa, kwa kuwa jina lililokuwa juu lilikuwa lake. Asubuhi ile alifika zizini nayo, akasema anamchukua ng'ombe wake. Mjane hakubishana naye. Aliingia zizini, akaketi chini kwenye mawe yale aliyoyapanga, mgongo wake ukiwa umeegemea miguu ya mtamba, akakaa hapo. Shemeji alishindwa kumfukuza mke wa marehemu ndugu yake kwa mikono, watu wakimtazama. Waliafikiana kwamba jambo lipelekwe kwa wazee wa ukoo.

Wazee walikutana Jumamosi. Kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa, walitumia chumba cha shule ya chekechea ya kanisa, na nakumbuka wanaume wanne wenye mvi wakiwa wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, na hakuna aliyecheka. Wanawake wa kikundi walisimama ukutani. Niliambiwa niketi mbele, karibu na dirisha.

Shemeji alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Siku zote nimetaka kuliandika hilo. "Wazee wangu, mimi sikuomba hii ng'ombe. Serikali ilileta yenyewe, ikaandika jina yangu. Iko kwa shamba yangu, inakula nyasi ya shamba yangu. Mke wa ndugu yangu sijamfukuza hata siku moja. Atakaa. Lakini ng'ombe ni ya boma, na boma iko na mwenyewe."

Mwenyekiti aliruhusiwa kujibu. Alitoka ukutani, akasimama katikati.

"Mzee," alimwambia shemeji, "mimi ndiye niliyekukata kitovu. Ulikuja umekunja ngumi, mama yako akasema huyu atakuwa mtu wa kushika. Sawa, umeshika. Sasa niambie. Baba yako alihithia mbuzi kwa mama yangu, ng'ambo ya mto. Je, uliwahi kusikia kwamba kaka zangu walilipa mahari kwa mbuzi wa baba yako?"

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Nimekuuliza kama uliwahi kusikia."

"Sikusikia."

"Walikuwa na njaa, na mbuzi walikuwa pale mlangoni. Hawakuguswa. Na siku mtamba huyu alipoingia, wewe ulisimama chini ya paa la jikoni, ukasikia nikisema tunamhithia, na boma likaitikia. Ulikuwa na kinywa. Kwa nini hukukifungua?"

Mmoja wa wazee, yule mkubwa kuliko wote, aligonga sakafu kwa fimbo yake taratibu, jambo ambalo kwetu lilikuwa na maana ya kukubali. Wengine wawili walitazamana. Niliona wazi kwamba wazee walikuwa wameshaelekea upande wa mwenyekiti. Mjane, ukutani, aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Ndipo shemeji alipotoa karatasi mfukoni na kuikunjua.

"Desturi naijua," alisema. "Sasa hii nayo mniambie ni nini."

Ilipita kutoka mkono hadi mkono. Wazee wale hawakujua kusoma, lakini muhuri waliujua. Yule mkubwa aliishika muda mrefu kuliko wenzake, kisha akaninyoshea. "Binti yetu, tusomee."

Nilisoma. Nilisoma mstari wa juu, jina na neno atakayemiliki. Nilisoma tarehe. Nilisoma neno shahidi, nikaitaja alama ya gumba, nikamtaja mwenye gumba. Nilisoma kama nilivyofundishwa kusoma. Na nilipomaliza, nikanyamaza. Hapo palikuwa na nafasi, labda ya pumzi mbili tatu, ambapo ningeweza kusema kwamba kikundi ndicho kilichoomba mtamba, kwamba mwenyekiti aliniambia niandike kikundi, kwamba mkono ulioandika ulikuwa huu. Nilifikiria yule mwenzangu aliyeonywa mbele yetu. Nilifikiria muda wangu wa majaribio. Nikairudisha karatasi kwa mzee.

"Desturi ni hii aliyoisema mama," mzee alisema hatimaye. "Lakini hii ina muhuri. Na huyu mwenyewe ameweka kidole kwamba ameshuhudia. Sisi hatuna meno ya kutafuna karatasi ya serikali." Alifikiri tena. "Mnyama mwenye mimba hasukumwi kuvuka mito. Akae mpaka azae. Akishazaa, mwenye jina amchukue."

Tulipotoka, mjane alikuja akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja na mvua ile. Sikujua nielekeze wapi macho yangu. Mwenyekiti alisubiri mpaka mjane amekwenda.

"Tulifurahi sana ulipopelekwa shule," aliniambia. "Tulisema, huyu atatusomea." Alijifunika kitambaa kichwani. "Umetusomea."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilikwenda nyumbani kwa mama yangu. Alikuwa akichambua maharagwe, nikaketi kumsaidia, na hatukuzungumza juu ya jambo hili kabisa, sikumwambia. Lakini mikono ikiwa katika maharagwe, nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekijua siku zote bila kukifikiria. Baba yangu alifariki katika miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya kumwondoa mkoloni, na baada ya mazishi baba zangu wadogo walikuja wakachukua mifugo yote iliyokuwa bomani, kila mmoja kwa haki aliyoiona kuwa yake. Mama hakulia. Ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja wa rika lake, kulikuwa na mbuzi watatu aliokuwa amewahithia. Nikiwa mtoto nilipelekwa mara moja moja kuwatazama, nikaambiwa: hawa ni wetu, lakini hapa hatuwaiti wetu. Mbuzi wale walizaa. Waliuzwa mmoja mmoja, kila Januari, ada yangu ya shule ilipodaiwa. Hakuna baba mdogo aliyevuka mto kuwadai, kwa kuwa kila mtu aliijua sheria hiyo.

Mwandiko wangu mzuri ulikuwa umetokana na mbuzi hao.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Nyeri nikaomba kumwona afisa wangu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake zilingane kabla ya kuzungumza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Binti yangu, fomu imeshaingia faili. Kuitoa, lazima aliyeijaza aandike kwamba alikosea. Barua hiyo haitakaa kwenye faili ya ng'ombe peke yake. Itakaa kwenye faili yako pia."

"Naelewa, bwana."

"Bado miezi saba uthibitishwe kazini. Huyo mama tunaweza kumpa mwingine mwakani, kimyakimya."

"Kwa jina la nani, bwana?"

Alizitazama kalamu zake. Akazipanga upya, lakini hakunikataza.

Nilihitaji siku kumi kuiandika barua ile. Si kwamba ilikuwa ndefu. Niliiandika mara ya kwanza kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi yetu, na nilipoisoma niliona kwamba kwa Kiingereza nilikuwa nimefaulu kukiri kosa bila kusema ni la nani. Niliichana. Niliianza upya kwa Kiswahili, ili iweze kusomwa mbele ya wazee kwenye chumba kilekile, na ili mimi mwenyewe niisikie.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Barua ilisomwa mbele ya wazee, na fomu ikabadilishwa. Mtamba alizaa ndama dume, jambo lililowahuzunisha wanawake, kwa maana mama wa pili alilazimika kusubiri mwaka mzima zaidi. Lakini mtamba hakuondoka katika zizi lile mpaka alipokufa kwa uzee. Binti wa mjane alirudi shuleni muhula wa tatu, si wa pili. Shemeji alipeleka mbuzi zaidi Kagio, harusi ikafanyika, na hakunisalimia tena hadi mwisho wa maisha yake. Muda wangu wa majaribio uliongezwa mwaka mmoja na nikahamishiwa upande wa Nanyuki. Hati ya shamba haikubadilishwa. Nilikuwa nimeirekebisha karatasi moja tu, na ile kubwa ilibaki kama ilivyokuwa kwa miaka mingi, ikingoja watu wenye nguvu kuliko mimi. Sasa nimepita umri wa arobaini, na kila kijana anayeletwa chini yangu huwa namwonyesha nakala ya kaboni ya barua hiyo. Barua yenyewe ni hii; majina ya watu nimeyaondoa.

*Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii, Nyeri.*

*Tarehe 4 Mei 1972.*

*Bwana,*

*Tarehe 14 Machi nilijaza fomu ya mtamba aliyetolewa kwa wanawake wa kikundi kilicho karibu na Wamagana. Katika mstari wa kwanza niliandika jina la mtu ambaye hakuomba mtamba huyo, hakuchaguliwa na kikundi, na hakuwapo fomu ilipojazwa. Nililiandika kwa sababu lilikuwa kwenye hati ya shamba na nilihofia fomu ingerudishwa. Mwenyekiti wa kikundi aliniambia niandike kikundi. Sikumsikiliza. Kosa hili si la kikundi, wala si la mtu ambaye jina lake niliandika, kwa kuwa alifuata tu kile nilichoandika. Ni langu.*

*Tarehe 22 Aprili niliombwa na wazee wa ukoo kuisoma fomu hiyo mbele yao. Niliisoma bila kueleza jinsi ilivyojazwa, na wakaamua kwa kuitegemea. Hilo pia ni langu.*

*Mtamba ni mali ya wanawake wa kikundi. Walimhithia katika boma la mmoja wao mbele ya watu, kwa maneno ambayo kila aliyekuwapo aliyaelewa, nami nilikuwapo. Naomba jina lililo kwenye mstari wa kwanza lifutwe na mahali pake pawekwe jina la kikundi. Naomba pia barua hii isomwe mbele ya wazee, nami niwepo inaposomwa.*

*Chini ya fomu, mahali palipoandikwa shahidi, naomba neno hilo likatwe na paandikwe mtunzaji. Alama ya gumba iliyopo hapo ni yake, na haihitaji kubadilishwa.*

*Ni mimi niliyeijaza fomu hiyo kwa mkono wangu.*